Sindano Mpya, Petroli Bado Inatona: Kisa cha Honda CG125 ya Mtongwe

Pikipiki ni Honda CG125 ya zamani, mali ya Mzee mmoja mstaafu wa Mtongwe, Mombasa. Malalamiko yaliyokuja nayo ni kwamba petroli inatona chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, usiku na mchana. Sindano inayoziba mafuta ndani ya kabureta ilikuwa imeshabadilishwa zaidi ya mara moja, gasketi ya bakuli lake la mafuta nayo ikabadilishwa na kupakwa silikoni, na bado ilitona. Tena tangu ilipoguswa mara ya mwisho ilikuwa imepoteza nguvu. Ikishuka kwenye feri ya Likoni na kuanza kupanda upande wa kisiwani, Mzee akivuta mafuta inakohoa na kutaka kuzima, huku magari yaliyo nyuma yanampigia honi. Mjukuu wake, ambaye anaendesha boda, alikuwa ameshakata shauri.

"Ami, si tuitupe tu hii kabureta tununue ya Kichina, tulale?"

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mara naletewa pikipiki za namna hii. Mtu ameshatumia pesa kwenye spea, na hakuna aliyekaa akatazama mafuta yanatoka wapi hasa. Kabureta kuvuja si ugonjwa mmoja. Petroli ina njia kadhaa za kutoka, na kila njia ina mkosaji wake. Usipoijua njia, unabadilisha kilicho kizima na kukiacha kilicho kibovu.

Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiwalenga watu wanaofanyisha pikipiki kazi ngumu na kumwona fundi kwa nadra. Badala ya mnyororo wa kuendesha vali kutoka juu, waliweka fimbo za kusukuma, na injini yake ya cc 124 ikapata sifa ya uvumilivu. Nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba abiria Mombasa leo zimezaliwa na injini ile, na kabureta zao ni za ukoo ule ule. Kwa hiyo mwenye boda mpya asione hii ni habari ya vyuma vya wazee.

Kabla sijashika bisibisi nilimuuliza Mzee pikipiki inalala wapi. Inalala ndani, kwenye ukumbi, kwa kuogopa wezi. "Nyumba nzima yanuka mafuta, fundi. Bibi yako hawashi jiko mpaka nimeitoa nje."

Huyo bibi ana akili, na pengine ndiye aliyeinusuru nyumba ile. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 43 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea dirishani. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unafika jikoni. Jiko la makaa lililo chumba cha pili linatosha kuuwasha, na moto ukarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye tangi. Nikamwambia, "Mzee, leo isilale ndani. Ikibidi tutaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo." Yeyote mwenye pikipiki inayotona, hilo ndilo la kwanza. Habari ya spea itasubiri.

Sasa tuitazame njia ya mafuta. Kwenye CG125 hakuna pampu. Petroli inashuka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi, inapita koki, inaingia kwenye kabureta kupitia kitundu kidogo kinachozibwa na sindano. Chini kuna bakuli, na ndani ya bakuli kuna boya, ambalo mafundi wengi tunaliita flota. Bakuli likijaa, boya linainuka, ulimi wake wa chuma unaisukuma sindano juu, kitundu kinazibika. Injini ikinywa, boya linashuka, kitundu kinafunguka. Halafu kuna kitu ambacho watu wengi wanakiona na hawakitilii maanani: kijibomba chembamba cha shaba kilichosimama wima ndani ya bakuli, mdomo wake wazi, juu kidogo ya usawa wa mafuta. Mkia wake umepenya chini ya bakuli na kutokezea kwenye mpira unaoning'inia karibu na injini. Kazi yake ni kupokea ziada. Sindano ikishindwa kuziba, mafuta yanapanda, yanafika mdomo wa kijibomba, yanamwagikia nje ardhini badala ya kuingia kwenye injini.

Ndiyo maana petroli ikitoka kwenye mpira ule, fundi anakimbilia sindano. Mara nyingi anapatia. Sindano huchakaa, ncha yake ya mpira hupata mkunjo, au punje ya uchafu hukaa kwenye kiti chake. Lakini hapa sindano ilikuwa mpya, na mpya nyingine ilikuwa imeshatolewa kabla yake. Mtu akibadilisha kitu kile kile mara ya pili bila mafanikio, imefika zamu ya kutilia shaka kitu kingine.

Niliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Stendi ya pembeni inailaza, mafuta ndani ya bakuli yanaegemea upande mmoja, na kipimo chochote utakachochukua kitakudanganya. Nikaifuta kabureta nje mpaka ikakauka kabisa, kisha nikaipaka unga wa chaki kwa brashi kuukuu: kwenye maungio ya bakuli, kuzunguka skrubu ya kumwagia, kwenye mpira wa kuingizia mafuta, mpaka juu kwenye shina la koki. Chaki kavu ni nyeupe, ikiguswa na petroli inageuka rangi mara moja, hata kama tone lenyewe limeshakauka. Nikafungua koki, nikakaa kutazama.

Maungio ya bakuli yalibaki meupe. Skrubu nyeupe. Mpira wa juu mweupe. Haukupita muda, tone likajitokeza kwenye ncha ya mpira wa ziada, likaning'inia, likadondoka, na jingine likajikusanya nyuma yake. Kwa hiyo silikoni yote iliyopakwa kwenye gasketi ilikuwa imeziba mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Hilo peke yake lingeweza kujulikana tangu siku ya kwanza, kwa kipande cha chaki.

Swali lililobaki ni moja: je, mafuta yanapanda kupita mdomo wa kijibomba, au yanatoka kwa njia nyingine ilhali yapo chini? Hili halihitaji kufungua kitu. Kwenye kabureta hii skrubu ya kumwagia na kijibomba cha ziada vyote vinatokezea kwenye kichirizi kimoja. Nikautoa mpira wa zamani, nikavika mpira unaopitisha mwanga, nikauinua juu ubavuni mwa kabureta, kisha nikalegeza skrubu. Maji na mafuta hujisawazisha yenyewe, kwa hiyo usawa unaouona kwenye mpira ndio usawa ulio ndani ya bakuli. Kwa kawaida unautarajia chini kidogo ya maungio ya bakuli. Wa Mzee ulikuwa chini mno, mbali na maungio, na kwa hiyo mbali zaidi na mdomo wa kijibomba.

Hapo kesi iligeuka. Mafuta hayafiki mdomoni, na bado yanatoka kwa kijibomba. Sindano haina kosa. Inaziba, tena inaziba mapema kupita kiasi.

Na huo usawa wa chini ulieleza kikohozi cha kwenye mlima wa feri. Mafuta yakikaa chini, injini inalazimika kuyavuta kutoka mbali zaidi kupitia kwenye jeti, yaani kitundu chembamba kinachopima mafuta, na unapozungusha mkono wa mafuta kwa nguvu injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Niliitoa plagi, nikakuta kauri yake nyeupe kama chokaa, ilhali injini inayolishwa vizuri huipa rangi ya kahawia hafifu. Kuendesha hivyo kwa muda mrefu kunaipandisha injini joto bila sababu.

Nilipolifungua bakuli, hadithi ya mafundi waliotangulia ilikuwa imeandikwa humo ndani. Ulimi wa boya ulikuwa umepindwa makusudi ili sindano izibe mapema. Namwelewa aliyefanya hivyo: aliona mafuta yanamwagika, akadhani yamezidi, akayashusha. Akayashusha tena. Yakaendelea kumwagika, na injini ikaanza kukosa pumzi. Silikoni nayo ilikuwa imevimba na kulainika kwa kukaa na petroli, vipande vyake vimelala chini ya bakuli, kimoja kirefu kama uzi kikiwa kinaisogelea jeti kubwa. Silikoni ya kawaida haihimili petroli. Usiitie kwenye kabureta hata kwa dawa. Gasketi ya bakuli ikichoka inabadilishwa, basi.

Chini kabisa kulikuwa na matone ya maji, yakitembea ndani ya petroli kama zebaki, na pembeni yake ukoga wa kijani kwenye shina la kijibomba. Unyevu wa pwani huingia kwenye tangi lisilojaa, unatona ndani, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli yanashuka mpaka mahali pa chini kabisa. Mahali hapo ni bakuli la kabureta.

Sindano niliijaribu kwa kuipindua kabureta ili uzito wa boya uizibe, nikapuliza kwenye mdomo wa kuingizia mafuta. Hewa haikupita. Boya nililitikisa sikioni, halikuwa na kitu ndani, na kwenye maji ya moto halikutoa povu. Hayo niliyamaliza haraka, maana jibu nilikuwa nalijua. Kazi ilikuwa kulithibitisha.

Mjukuu akaniambia kwamba kijibomba kimeshapimwa. Fundi wa mwisho alijaza bakuli maji, akalishika juu, hakuna tone lililotoka. Nikamwambia alete maji turudie mbele ya macho yetu. Tukakaza skrubu ya kumwagia, tukatia maji mpaka karibu na mdomo wa kijibomba bila kuufikia, tukaliweka bakuli juu ya makopo mawili na karatasi kavu chini. Kweli, karatasi ilibaki kavu. Tukamwaga maji, tukafuta, tukatia petroli kwa usawa ule ule. Kwanza hakuna kitu. Kisha chini ya kichirizi pakang'aa, unyevu ukajikusanya ukawa tone, likaanguka, karatasi ikapata doa. Kijana aliinama mpaka pua yake ikakaribia bakuli.

Maji yanajishika yenyewe kwa nguvu. Mvuto wa uso wake ni kama mara tatu wa petroli, kwa hiyo kwenye ufa mwembamba maji yanagoma mlangoni ambapo petroli inapenya. Kabureta inapimwa kwa petroli. Ukiipima kwa maji utaitangaza nzima hali ni mbovu, na ndivyo ilivyotokea hapa.

Nilikisafisha kijibomba kwa kitambaa, nikakiangalia kwa lenzi juani. Ufa ulikuwa upande wa nyuma, unaotazamana na ukuta wa bakuli, mwembamba kuliko unywele, umepanda wima kwa urefu kutoka juu kidogo ya sakafu. Macho matupu yangeuchukua kuwa mkwaruzo. Vijibomba hivi huingizwa kwenye bakuli kwa kushindiliwa, kwa hiyo shaba inaishi ikiwa imebanwa. Miaka mingi ya mtikisiko, pamoja na maji yaliyolala pale chini, mwisho wake ni kupasuka kwa urefu.

Lilibaki jambo moja ambalo ufa peke yake haukulieleza. Mzee alisema hufunga koki kila usiku. Koki ikifungwa, ufa ungemwaga kilichomo kwenye bakuli tu, kidogo sana, kisha pakauke. Yeye asubuhi alikuwa anakuta dimbwi. Nikauchomoa mpira wa kuingizia mafuta kwenye kabureta, nikautia kwenye chupa, nikafunga koki. Ikaendelea kutona ndani ya chupa. Koki yake ni ya skrubu mbili ndogo, inafunguka, na ule mpira wa duara wenye matundu ulio nyuma ya mkono wake ulikuwa umekauka na kupata nyufa. Koki zilizopigwa ribiti hazifunguki, hizo ni kununua nzima.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni ufa wa kijibomba. La pili ni koki isiyofunga, iliyoligeuza tone kuwa dimbwi. La tatu, kukosa nguvu, lililetwa na matengenezo yenyewe.

Hapo ndipo lilipokuja swali la kijana: kuitupa kabureta au kuitengeneza. Nasema ninavyoamini. Kwa boda inayotafuta riziki kutwa, na bakuli lake limepasuka kijibomba, kabureta mpya ya Kichina ya aina ile ile inaweza kuwa uamuzi wa busara, kwa sababu siku moja ya kukaa bila kazi ni hasara. Kwa pikipiki ya Mzee, hapana. Kabureta yake ni ya Keihin wa Japani, mwili wake haujachakaa, na jeti zake zilichaguliwa kwa injini hii. Ukileta nyingine utaanza kazi ya kutafuta jeti upya, na kuna wengi wanaoishia na pikipiki inayokula mafuta bila kujua kwa nini. Ufa ulikuwa mahali pa kufikika. Ungekuwa umeingia mpaka kwenye tundu ambamo kijibomba kimeshindiliwa, ningesema litafutwe bakuli jingine, maana pale risasi ya kulehemu haishiki.

Bakuli nililivua kila kitu, nikaliosha kwa sabuni na maji, nikalianika juani mpaka harufu ya petroli ikaisha. Hili si la kufanyiwa haraka, usipeleke moto kwenye chombo kinachonuka petroli. Kisha nikakwangua shaba kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikapaka dawa ya kulehemia, nikatumia chuma cha umeme chenye ncha nene. Ncha nyembamba haifai kwa sababu bakuli linakunyang'anya joto lote. Mtungi wa gesi haufai kabisa. Risasi ya kulehemu inayeyuka karibu na nyuzi 183, lakini kabureta nyingi zimemiminwa kwa mchanganyiko wa zinki unaoyeyuka chini ya nyuzi 400, na mwali wa gesi unafika huko kabla hujavuta pumzi. Utabaki na donge mkononi. Risasi ilipotiririka na kuufunika ufa, nilipitisha waya ndani ya kijibomba kuhakikisha njia iko wazi. Gundi za kuchanganya sikuzitumia. Nyingi nimeziona zikilainika na petroli, na hapa kuna nyumba ya mtu.

Tulilirudisha bakuli juu ya makopo na petroli ndani, kifuniko juu ili isikauke kwa joto. Karatasi haikupata doa.

Ulimi wa boya nikaurudisha kidogo kidogo, nikipima kwa mpira unaopitisha mwanga kila mara, mpaka usawa ukasimama chini kidogo ya maungio. Gasketi mpya ya bakuli, kavu, bila kupaka chochote. Mpira mpya wa koki. Tangi likamwagwa ili maji yatoke. Oili niliinusa kwenye kijiti na kutazama kipimo chake. Haikuwa na petroli, maana kijibomba kilikuwa kimemwaga kila kitu nje.

Ililala nje koki ikiwa wazi, gazeti chini yake. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Tukafunga koki, tukachomoa mpira, chupa nayo ikabaki kavu. Mzee akavuka feri nayo, akapanda kisiwani bila kukohoa, na baada ya siku chache aliporudi plagi ilikuwa imeanza kupata rangi ya kahawia. Nimemwambia aendelee kufunga koki kila anaposimama kwa muda, na kila baada ya mvua nyingi alegeze skrubu ya kumwagia, atoe vijiko viwili vitatu kwenye glasi aone kama kuna maji.

Siku hiyo mjukuu alikuja na boda yake mwenyewe, kabureta ya ukoo huo huo. Haikuwa inatona. Nilipoinama nikaona kwa nini: mpira wa ziada ulikuwa umezibwa kwa bolti. Alikuwa ameambiwa na wenzake stejini kuwa ndiyo dawa. Mpira huo ukizibwa, siku sindano itakapochoka petroli haina pa kutokea isipokuwa kwenye kichujio cha hewa au ndani ya injini. Ikijaa juu ya pistoni, unapopiga kiki injini inagoma, maana petroli haibanwi kama hewa, na chuma kinaweza kupinda. Ikipenya ringi inashuka kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi chochote.

Nikachomoa kijiti chake cha oili. Kipimo kilikuwa kimepita alama ya juu, na oili ilidondoka nyepesi kama maji ya chai, ikinuka petroli. Tulimwaga yote pale pale, tukatia mpya, tukaitoa bolti, na sindano yake iliyokwisha tukaibadilisha.